Nafasi Moja, Wanawake Watatu

Habari ya kufa kwa Anifa imenifikia pamoja na samaki. Mama Furaha, yule anayetuletea samaki wa kukausha kutoka Tchomia, alitua beseni yake kwa mulango, akanywa maji, kisha akauliza kama mutu anayeuliza njia: "Koko, si ulikuwaka na rafiki moja ng'ambo ya ziwa, anaitwa Anifa?" Nikasema ninaye. Akainama, akaanza kupanga samaki ambao walikuwa wamepangwa tayari. "Ulikuwa naye, koko. Bamemuzika ile juma ingine. Batoto yake ndiyo balituma neno kwa batu ya mitumbwi." Wajukuu wangu, ambao nao wananiita koko, bibi yao, wakauliza Anifa ni nani. Ndani ya nyumba hii hakuna hata mumoja aliyejua lile jina, na mimi ninayajua majina yao yote, na ya rafiki zao, na ya mbuzi zao. Nikaingia chumbani, nikaketi kwa kitanda, nikasimama, nikatoka inje, nikarudi tena. Mutu wa umri wangu anapaswa kukaa chini akalia. Mimi sikuweza. Nikimufikiri Anifa, miguu inataka kwenda mahali na haijui ni wapi. Ilikuwa vile hata ule mwaka wa usichana wetu, mwaka kahawa ilipovuka maji.

Ule mwaka tuliambiwa kwamba kuna amani. Simba, wale waasi wa vita, walikuwa wametoka, Leta, ndiyo serikali, ilikuwa imerudi na waaskari wake, soko lilifunguliwa, kengele ya misioni ililia saa yake. Lakini ile amani ilikuwa kama mugeni anayelala na viatu. Kulikuwa bariere, kizuizi cha waaskari, kwa njia ya Bogoro na bariere ingine kwa njia ya Nizi, na jua likizama ilikuwa saa ya kuvrefe, kila mutu ndani. Ninakumbuka chumba cha Leonia, mwenzetu wa kazi, katika karitie ya Saio, mutaa mumoja wa Bunia. Kando ya mulango kulikuwa gunia lililofungwa: sufuria, Biblia, blanketi ya mutoto, chumvi. Alipotaka kupika alifungua gunia, akatoa sufuria, akapika bugali na makayabo, samaki wa chumvi, tukakula, akaosha sufuria, akairudisha ndani ya gunia na kulifunga tena. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiache sufuria kwa figa kama watu wengine. Akasema, "Mimi nilikimbiaka mara moja bila sufuria. Mara ya pili siwezi." Leo nikiingia katika nyumba ya watu na kuona sufuria zimepangwa ukutani, zinangaa, ninasema moyoni: hawa wamelala usingizi.

Siye tulikuwa wanawake wa meza. Ndivyo muji ulivyotuita, juu tulishinda kwa meza ndefu katika kiwanda cha Bwana Yanis, Mugiriki, tukichagua kahawa. Wanaume waliimwaga mbele yetu, siye tukatoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na mawe. Punje za mviringo, zile zinazozaliwa peke yake ndani ya tunda, tuliziweka kando kwa sababu Ulaya walizipenda. Kisha miezi kidogo, mutu wa meza hatazami tena. Macho yanakwenda kwa dirisha, kinywa kinakwenda kwa habari za jirani, na vidole vinafanya kazi vyenyewe. Mabati ya juu yalitupasha joto mpaka jasho likaanguka juu ya kahawa, na Leonia, aliyekuwa kapita, musimamizi wetu, alisema ile ndiyo chumvi ambayo Wazungu wanaisikia wakisema kahawa ya Ituri ni tamu. Leonia alikuwa mukubwa wetu, mujane wa ile vita, na Yosefu, mutoto wa kunyonya, alikuwa mugongoni mwake siku zote kama kifundo cha kikwembe, kile kitambaa cha kujifunga. Anifa alikaa kwa kushoto kwangu. Baba yake alikuwa mutu wa kuchimba zahabu kule Nizi, Muislamu, na yeye alikuwa na ulimi ambao hata waaskari wa bariere walimupitisha upesi ili asiufungue. Mimi nilitoka Bogoro kutafuta kazi. Ile meza ndiyo ilikuwa kwetu.

Asubuhi moja tulikuta wanaume wakifungua mashine ya kukoboa, vipande vipande, na kuvipakia juu ya kamyo, lori la kiwanda. Bwana Yanis alisimama pale na kofia mukononi. Alisema Kiswahili kama mutu wa hapa, juu alizaliwa hapa. "Bamama, nimechoka," akasema. "Barabara imekufa, kamyo zangu zinakamatwa, kesho hatuijue. Ng'ambo kuko barabara." Leonia akauliza, "Na kahawa, patro?" Akajibu, "Kahawa itanifuata." "Na siye?" Bwana Yanis akatazama ndani ya kofia, kama jibu lingekuwa humo. Anifa ndiye alijibu kwa sauti ya soko: "Kahawa iko na miguu kupita siye." Tukacheka wote, na patro naye akacheka, na pale ndipo nilijua imekwisha, kwa sababu mutu anayebaki hangelicheka vile. Kahawa ilikuwa ileile, ya mashamba ya Djugu na ya Irumu, lakini vidole vingine ng'ambo ya maji ndivyo vingeichagua. Mbele ya ile siku sikujua kwamba kazi ya mutu inaweza kupakiwa juu ya kamyo, ikafungwa kamba, ikapelekwa Tchomia, ikavushwa.

Leta haikutusahau, ninapaswa kusema vile. Alikuja Bwana Filibert, ajenti wa biro ya kazi, ofisi ya Leta, mutu wa Kisangani mwenye shati nyeupe, aliyeingia katika Kiswahili chetu kama mutu anayeingia matope na viatu vipya. Alipanda juu ya ile meza yetu, tupu, akasema, "Leta ni baba. Mutu ambaye kazi yake imekwenda inchi ingine, baba yake atamufundisha kazi ingine." Wanaume wangekwenda garaji na kwa maseremala. Wanawake wangekwenda fwaye, ile nyumba ya Leta walipofundisha wanawake kushona na kupika. Miezi sita. Kisha atakuja yeye mwenyewe kutazama, na kila mwanamuke atakayeshona nguo nzima ya mutoto mbele ya macho yake atapewa masini ya kushona, ya miguu, iwe yake. Nilisikia lile neno "yake" tumboni, kama mutu mwenye njaa anavyosikia harufu. Sikutaka utajiri. Nilitaka kazi ambayo haiwezi kuvuka maji bila mimi.

Lakini nafasi zilikuwa kidogo kuliko wanawake. Bwana Filibert alitaka kufanya haki, akatafuta kura, na kwa sababu alikuwa katika nyumba ya kahawa akachukua kahawa. Alijaza mukebe na punje zilizobaki kwa pembe za kiwanda, akatia ndani punje za mviringo sawa na hesabu ya nafasi, akachanganya, akafunika na kitambaa chake cha jasho. "Kila mutu atie mukono, asitazame. Anayetoa ya mviringo, Mungu amemuchagua." Leonia akainua macho kwa mabati. Kuambia wanawake wa meza watoe punje ya mviringo bila kutazama ni kama kuambia mama amushike mutoto wake gizani. Kolostika akatia mukono, akatoa ya mviringo. Mave akatoa ya mviringo. Asinati naye, na kwangu vivyo hivyo. Iliniita yenyewe kwenye kidole. Walio mbele wote wakachaguliwa na Mungu, mumoja kisha mwingine, mpaka punje za mviringo zikaisha katikati ya musitari. Bwana Filibert alijipangusa paji la uso, akasema hajaona watu wenye bahati vile tangu kuzaliwa. Leonia alikuwa nyuma, kwa sababu kapita ndiye ananyosha musitari. Anifa alikuwa nyuma, kwa sababu alikuwa anagombana na mutu juu ya nani alitangulia.

Magaribi ile wote walijaa kwa uwanja wa Leonia. Kulikuwa viazi vya kuchemsha katika kitunga na chai bila sukari. Walio nyuma walisema kwa haki: "Ile haikuwa bahati. Ile ilikuwa vidole. Na vidole, siye wote tuko navyo." Leonia akala kiazi chake mpaka mwisho, akapangusa mikono, akasema, "Tutafanya likilimba." Kila mwanamuke wa Bunia anajua likilimba: munaweka pamoja, munakula kwa zamu, na wa mwisho anangoja kwa imani. Kila jina lililochaguliwa libebe wanawake watatu. Mwenye jina aende fwaye siku mbili za kwanza za juma, wa pili siku mbili za katikati, wa tatu siku mbili za mwisho. Mbele ya Leta watakuwa mutu mumoja. Masini ikija, itakuwa ya watatu. "Na Leta ikijua?" Kolostika akauliza. "Itakata jina," Leonia akasema, "na wote watatu watakula hewa. Basi isijue." Mimi nilibeba Leonia na Anifa, ao wao walinibeba, sijui. Tulikubali upesi sana. Katika ule uwanja wote hakuna hata mumoja aliyeuliza kama ujuzi ni kitu cha kula kwa zamu.

Nimefikiri mara nyingi juu ya ile magaribi. Wajukuu wanaposema leo kwamba wamegawana kitu, ninawatazama na ninataka kuuliza: mumegawana ao mumekata? Si jambo moja.

Fwaye ilikuwa nyumba ndefu, na madirisha yasiyo na vioo tangu vita. Asubuhi polisi mumoja alisoma majina kwa mulango, na jina langu, Batseba, liliposomwa mutu aliitika "Niko" na kuingia, kitambaa kikishuka mpaka nyusi. Polisi hakuinua macho; kwake wanawake walikuwa sauti. Ndani alikuwa Madamu Klementina, wa Mahagi, mwanamuke munene mwenye sauti ndogo. Alipanga kazi yake kwa siku. Siku mbili za kwanza tulipima na kukata. Siku mbili za katikati ilikuwa masini, na kulikuwa masini mbili tu za kujifunzia. Siku mbili za mwisho ilikuwa kazi ya shindano, ndiyo sindano ya mukono: pindo, kola, vitundu vya butoni, vile vifungo vya nguo. Kila juma lilirudi vilevile, kwa nguo ngumu zaidi. Basi mimi, wa siku za kwanza, nilikuwa fundi wa kukata. Kwa chaki na mukasi niliweza kutoa nguo katika kitambaa chochote, na ilibaki vipande juu ya meza, juu sikujua kinachofuata. Leonia alijua masini na hakujua nguo inaanzia wapi. Anifa alipokea nguo zilizokwisha kushonwa na akazitoboa vitundu vizuri kama macho ya paka.

Katika juma la tatu, nilipokuwa ninainama na chaki, Madamu Klementina alisimama nyuma yangu. "Batseba," akasema pole pole, "uambie Batseba wa siku ya tatu aache kunyonyesha kwa masini. Uzi wangu unanuka maziwa." Nikaweka chaki chini. Akaendelea, "Na ule wa siku ya tano uambie mimi ndiye ninafundisha. Akitaka kufundisha yeye, alete karatasi yake ya ualimu." Nikasema, "Madamu, utusamehe." Akasema, "Sijaona kitu. Ile kwapa umeikata kubwa, mutoto atapigwa baridi." Akaenda. Nilipowaletea wenzangu lile neno, Leonia alipiga magoti akashukuru Mungu. Anifa alikasirika kwa ile habari ya ualimu mpaka siku ya posho, mwisho wa juma.

Mwanzo tulisema tutafundishana kila jioni. Ndiyo ilikuwa maana ya kila kitu: watatu waingie kwa zamu, lakini kila mumoja ajue yote. Tulikutana kwa chumba cha Leonia mbele ya kuvrefe, tukala sombe ya majani ya muhogo, tukatandika kitambaa cha zamani juu ya mukeka. Lakini masini haikuwako, basi Leonia alikanyaga hewa na miguu na kusema "fikiri kama kuko gurudumu hapa", na siye tukacheka mpaka giza likaingia. Ingine siku ilikuwa mvua. Ingine siku risasi zililia upande wa Shari, Leonia akabeba gunia na Yosefu, na tulikaa kwa mulango tukingoja kama tutakimbia ao tutalala. Hatukukimbia. Asubuhi watu walisema ni waaskari waliolewa. Vile ndivyo ilivyokuwa: hakuna kilichotokea, na tulichoka kama kimetokea.

Kisha ikaja ile jioni nisiyoisahau. Leonia alisema, "Anifa, mudogo wangu, leo utuonyeshe kitundu cha butoni. Miezi inakwisha." Anifa alikuwa anatafuna mufupa wa samaki. "Nitawaonyesha siku masini iko ndani ya hii nyumba," akasema. Tulifikiri ni mchezo. "Juu ya nini?" nikauliza. Akanitazama mimi, si Leonia. "Jina ni la nani?" "Langu." "Masini watamupa nani?" "Batseba." "Basi Batseba mwenye anajua nguo yote, na masini iko ya jina yake, ataniita mimi tena juu ya nini?" Nikasema, "Anifa, ndivyo unanijua?" Akasema, bila hasira, na ile ilikuwa mubaya kuliko hasira: "Mwenye alionyesha Simba mulango ya baba yangu alikuwa amekula kwetu ile juma. Alikuwa anapenda sombe ya mama. Mimi ninajuaka batu kisha, hapana mbele." Leonia akasema, "Usilinganishe." "Silinganishe, yaya, mukubwa wangu. Ninafunga gunia yangu, vile weye unafunga yako." Tangu ile jioni tulikula pamoja vilevile, lakini Leonia aliacha kukanyaga hewa, na mimi nikakunja karatasi zangu za kupimia na kuziweka chini ya mukeka. Kila mumoja alilinda kile alichokuwa nacho. Ndivyo ilikuwa katika muji wote, ule mwaka. Watu walisalimiana vizuri sana.

Siku ya kutazamwa, Bwana Filibert aliketi mbele ya chumba na saa yake juu ya meza. Kila jina lingetoa nguo moja ya mutoto, na kola, mikono, na vitundu vitatu vya butoni, kabla ya jua kwenda magaribi. Ilibidi watu watatu waingie katika mutu mumoja mbele ya macho yake, na tulikuwa tumepata njia moja tu: choo. Kilikuwa nyuma ya fwaye, kimezungushiwa matete. Na Mungu alitusaidia kwa mukono wa Bwana Yanis, kwa sababu kila Noeli alitugawia vikwembe vya namna moja, na siku ile wote tulivaa cha mwaka uliopita, cha manjano na majani. Mimi niliingia kwanza. Nilipima, nikakata, nikapanga vipande kwa utaratibu ambao Leonia angeuelewa. Kisha nikaomba ruhusa. Ndani ya matete Leonia alikuwa tayari. "Bega la kushoto liko juu," nikamwambia. Midomo yake ilikuwa inaomba. Akatoka, na mimi nikabaki nimechutama pale na Anifa na wengine wa majina mengine, tukikanyagana, tukishika pua.

Kile alichosahau Leonia ni Yosefu. Alizoea kumubeba hata hakumusikia tena mugongoni. Batseba alitoka chumbani bila mutoto, akarudi na mutoto. Kwa tundu la matete sikuona, lakini nilisikia sauti ya Bwana Filibert: "Huyu mutoto ametoka wapi?" Niliona jina langu likikatwa, na masini ikipanda kamyo ya mutu mwingine. Kisha sauti ndogo ya Madamu Klementina: "Bwana ajenti, wanawake wa Bunia, ukiwapa nafasi kidogo, wanazaa." Wanaume wa biro walicheka, polisi akacheka, na ajenti, ili asionekane yeye peke yake hajaelewa, akacheka pia. Kisha akasema, "Lakini leo wanakwenda choo sana. Wamekula nini?" "Woga," Madamu akasema. "Woga unafungua tumbo." Masini ikaanza kulia. Nilijua mguu wa Leonia. Alikanyaga kama mutu anayetembea kurudi kwao. Anifa, akingoja zamu yake, alinishika mukono bila kunitazama. Vidole vyake vilikuwa baridi. Jua lilipofika kwa ukuta nguo yetu ilikuwa juu ya meza ya ajenti, imekwisha, na vitundu vitatu ambavyo Madamu aliviinua kwa wote waone.

Tulishinda. Majina yote yalishinda. Juma lililofuata tulisimama kwa uwanja wa biro, wenye majina mbele, wengine nyuma kama watu waliokuja kutazama tu, na kamyo ya Leta ikaingia na masini zikiwa zimefunikwa na turubai. Walipofunua, zilikuwa kidogo. Bwana Filibert alipanda juu ya kamyo, na ninakumbuka kwamba alikuwa na haya, shati yake haikuwa nyeupe tena. Alisema, "Leta ilituma nyingi. Njia ni ndefu. Hizi ndizo zilifika." Kisha akasema atafanya haki: kila masini wanawake watatu. Batseba, Kolostika na Mave, hii hapa, mushikilie pamoja.

Nilisikia Anifa akianza kucheka nyuma yangu, pole pole, kama maji yanayoanza kuchemka. Kwa sababu jina langu lilikuwa wanawake watatu, la Kolostika watatu, la Mave watatu. Mimi, Leonia, Anifa. Kolostika, Penina, Zabibu. Mave, Tabita, Doroteya. Wote kwa masini moja, na hatukuweza kulalamika, kwa sababu kulalamika ni kujihesabu. "Nyie munafurahi?" Bwana Filibert akauliza. Leonia akajibu kwa ajili ya wote, "Sana, bwana."

Tuliiweka kwa baraza la Leonia, karibu na gunia. Asubuhi ya kwanza wote walifika, wamevaa vizuri. Wakataji watatu tulisimama na mikasi juu ya kitambaa kimoja. Watu wa masini watatu walitazamana, nani akae. Na watu wa vitundu watatu, Anifa, Zabibu na Doroteya, waliketi kwa ukuta na shindano zao, wakingoja nguo ambayo haijashonwa. Zabibu na Doroteya walianza kugombana juu ya nani atatoboa ya kwanza. Anifa hakugombana. Nilimutazama na nikaogopa, kwa sababu Anifa asiyegombana ni Anifa aliyekwisha kuamua. Kisha siku kidogo akatuambia kwamba Bwana Yanis anatafuta wanawake wa meza ng'ambo, wale wanaojua kahawa ya Ituri kwa vidole. "Kazi ilinikimbia," akasema. "Acha niifuate, niiulize juu ya nini."

Alikwenda, na miaka yote alituma salamu kwa watu wa mitumbwi: amepata mume, amepata mapacha, Bwana Yanis amekufa, meza ingali ileile. Nilimutumia salamu zangu. Kuonana, hatukuonana tena. Watu wanasema ziwa si kubwa, siku za anga safi milima ya kule inaonekana. Ninawajibu kwamba kuonekana ni kitu kimoja, kuvuka ni kingine.

Asubuhi ya kwenda kwake nilimusindikiza kwa mahali kamyo za Tchomia zinapakia. Haikuwa imejaa, walikuwa wanangoja mbuzi za mutu. Anifa aliketi juu ya mufuko wake, akapasua pindo la kikwembe chake, kile cha manjano, akanipa kipande, na shindano yenye uzi ndani. "Kata hapo. Kidogo. Sasa ingiza kwa nyuma, zungusha uzi chini ya shindano, vuta. Si vile, unavuta kama ng'ombe. Pole pole. Tena. Kwa pembe unaweka tatu pamoja, ndiyo inashika." Nilifanya moja, mubaya. Nikafanya ya pili. Mbuzi walikuwa bado hawajafika nilipomaliza ya tatu, na ilikuwa kitundu cha butoni, mutu yeyote angekiita vile. Nikamutazama. "Ni hiyo tu?" nikauliza. "Ni hiyo tu," akasema. Miezi yote ile tuliyolala tukilinda, na ilikuwa kitu cha kungojea mbuzi. Sijui nani kati yetu aliona haya zaidi. Akachukua kile kipande, akakitazama kwa jua, akanirudishia. "Sasa hauniitaji tena," akasema. Nikamwambia, "Ninakuitaji." Akapanda juu ya kamyo, akaanza kugombana na mwenye mbuzi juu ya mahali pa kukaa.

Nilirudi Saio kwa miguu. Baraza lilikuwa karibu tupu. Wengi walikuwa wamechoka kungoja zamu. Leonia alikuwa kwa masini, Yosefu analala chini kando ya kanyagio. Aliona kipande cha manjano mukononi mwangu na vile vitundu vitatu. Aliinuka, akamusogeza mutoto, akageuza kile kiti kielekee kwangu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Niliweka mguu, nikakanyaga, gurudumu likazunguka kinyume na uzi ukakatika.

"Tena," Leonia akasema.